Betri ya Makande

Anasia mwanangu,

Katika Arusha hii nzima, kuanzia Ngarenaro mpaka huko juu Momela, hajapatikana mtu wa kunidanganya kwa betri. Nikiishika tu najua. Nikiigonga kwa kucha najua. Wenye maduka wakiniona kwa mbali nakuja na koti langu la kaki, wanazirudisha za bandia chini ya kaunta na kuanza kuniuliza habari za nyumbani.

Haya, maliza kucheka. Nimedanganywa wiki hii hii. Tena si na mwenye duka wala na mwenye kiwanda. Nimedanganywa jikoni kwangu, nimekaa kwenye kigoda changu, macho nimeyatoa, na kitu kinachouzwa kwa mafungu sokoni, pale jirani na dagaa. Nitafika huko. Ukinikimbiza nitaruka mambo, halafu utasema baba ameanza kuzeeka.

Barua hii nitaichomeka katikati ya vitabu vyako, ili uikute basi likishaondoka na usiweze kurudi kunibishia. Na wewe Mwalimu, hiyo kalamu nyekundu iache mfukoni. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kuhurumiwa.

Mambo ya sweta, vidonge vya malaria, maji ya kuchemsha na watu wa kuwaogopa, sitayagusa. Mama yako ameshayasema, na kesho stendi atayarudia mbele ya abiria wote. Hivi ninavyoandika nawasikia huko chumbani mnabishana kuhusu sufuria. Chukua tu hiyo sufuria, mwanangu. Hutashinda. Mimi nina jambo moja tu, nalo limelala mgongoni mwa simu yako.

Wewe ulipoanza shule maduka yalikuwa yameshaanza kujaa, kwa hiyo hujui tulikotoka. Zamani betri ya redio ilikuwa ya aina moja. Ikiwepo dukani, unashukuru. Isipokuwepo, redio inapumzika, na mtangazaji naye anapumzika. Hakukuwa na mtu wa kusema, "Hii siipendi, nipe nyingine." Nyingine ipi? Ikichoka tunaianika juu ya bati pamoja na mahindi ya mbegu. Likiipiga jua la kutwa, jioni inaimba tena kidogo, sauti ya mgonjwa lakini inaimba. Wengine waliitoboa kwa msumari wakainywesha maji ya chumvi. Huo ndio ulikuwa ufundi.

Kisha milango ikafunguliwa, kila mwenye kontena akaleta alichotaka. Redio za kila rangi, saa zinazosema, viatu vya mguu mmoja mmoja, baadaye simu, na betri za simu kama mchanga. Wote tukashangilia, hata mimi. Hakuna aliyetuambia kwamba sasa tumepewa kazi mpya ya kuchagua, na kwamba tunaianza ukubwani, bila mwalimu. Mtu aliyekula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, maisha yake yote, siku moja unamweka mbele ya meza ya harusi na kumwambia aonje asikosee.

Ndiyo maana betri yangu ya kwanza ya simu niliianika.

Nilikuwa sijakwambia hili. Ilipoanza kuchoka niliiweka juu ya bati la kibanda changu, saa nane mchana, kama nilivyofundishwa na baba yangu. Jioni nikaikuta imefura kama andazi, haiingii tena nyumbani kwake. Nami, kwa akili ya fundi, nikaisukuma kwa kidole gumba. Kidogo kidogo, kwa upole, huku nikiisemesha. Baadaye fundi mwenzangu alinieleza kwamba kitu kile kikipasuka kinawaka moto, na kwamba kidole gumba changu kipo mpaka leo kwa bahati tu. Siku hiyo nikajua kwamba hizi si wajukuu wa zile za redio. Ni kabila jingine kabisa, na kabila geni unalichunguza kwanza kabla ya kulisalimia kwa desturi za kwenu.

Basi nikaanza kuchunguza, na ukweli ni kwamba nikanogewa. Unaijua ile meza yangu yenye kioo. Betri naiweka juu ya kioo, naipiga kidole ubavuni. Ikikaa, tumbo lake ni bapa, tuendelee. Ikizunguka kama pia, imeshaanza kufura hata kama jicho halioni, na hiyo sitaki hata ilale ndani ya nyumba yangu. Naangalia vile vimeno vyake vya shaba kama vimenyooka au vimebandikwa na mtu mwenye haraka. Nasoma maandishi, na hapa cheka kabisa, maana siku hizi kadiri betri inavyokuwa ya hovyo ndivyo inavyoandikwa namba kubwa. Kama wale wanaume wanaoanza kukutajia vyeo vyao kabla hujawauliza jina. Utakutana nao.

Lakini macho ni macho tu. Kilicho ndani hukioni. Nilimuuliza Mzee Ramji, yule mwenye duka pale Levolosi niliyeanza kununua waya kwake tangu nikiwa na nywele, "Mzee, hii ni nzima kweli?"

Akavua miwani. "Fundi, mimi nauza. Ndani sijui. Hata mama mkwe wangu ndani sijui, na nimekaa naye miaka yote."

"Sasa nitajuaje?"

"Itumikishe. Ikikataa kazi, rudisha. Ikikubali, usije kuniambia, nitapandisha bei."

Hapo ndipo nilipotunga mtihani wangu. Nachukua betri iliyojaa chaji, nachukua balbu ndogo ya tochi, naziunganisha kwa waya mbili, balbu inawaka. Sasa ya kupimia muda? Saa yangu ya mkononi unaijua, inakwenda ikipenda. Lakini jikoni kwetu kuna kitu hakijawahi kunikosea, nacho ni chungu cha mama yako. Betri inayozima chai ikianza kuchemka, hiyo ni betri ya chai. Inayofika ndizi zikiiva, ni betri ya ndizi. Na ile inayovumilia mpaka mahindi makavu na maharage yaive pamoja, hiyo ni betri ya makande, na mwenye nayo ana haki ya kutembea kifua mbele. Mafundi wa mjini wana mashine za kupimia zenye mshale. Mimi nina mama yako.

Sasa tuje kwenye ile kesi yako.

Barua ya kupangiwa shule huko Simanjiro ilipofika, ulirukaruka mpaka ukamwaga uji. Mama yako hakuruka. Alisema pale pale, mkono kiunoni, "Haondoki mtu hapa bila simu inayokaa na chaji. Na Jumapili ikipita sijasikia sauti yako, Jumatatu nipo hapo shuleni, nakutoa darasani mbele ya watoto." Hukumlaumu, nami sikumlaumu. Kaka yako alipokwenda kuchimba Mererani alinyamaza mpaka tukawa tunaamka kila mlango wa jirani ukibishwa. Alirudi salama, na ndevu, na njaa. Lakini sikio la mama yako halijarudi mahali pake tangu wakati ule.

Simu ulishapata, ya mtumba lakini nzima. Betri yake ndiyo ilikuwa maiti. Na huko unakokwenda umeme hakuna, chaji mpaka siku ya mnada kwa mtu mwenye jenereta, na mtandao mpaka upande kilima. Kwa hiyo kazi yako yote, ule ualimu ulioulilia tangu ukiwafundisha kuku wa jirani kuhesabu, ilikuwa imening'inia kwenye kibetri kisichozidi sabuni ya kuogea ya hotelini. Nami ndiye niliyeteuliwa hakimu.

Ya kwanza unaikumbuka, ile yenye maandishi ya dhahabu. Betri ya chai. Majani hata hayakuwa yametiwa. Ya pili ilikuwa nzito, nami uzito huwa nauheshimu, nikamwambia mama yako, "Hii ina nyama." Ikazima ndizi zikiwa bado zinateleza. Nikaipasua nyuma ya nyumba, kwa hadhari, nione hiyo nyama. Mwanangu, ndani kulikuwa na kibetri kidogo kama njugu, na pembeni wamejaza kitu kigumu cheupe, plasta ya ukutani sijui, ili mkono wa mjinga kama mimi uridhike. Nilikaa nayo muda mrefu nikiistaajabia. Mtu amekaa kiwandani huko akanifikiria mimi, fundi wa Ngarenaro ninayepima kwa kiganja, akanitengenezea kiganja changu uongo wake maalumu. Nilikasirika, lakini pia nilijiona mtu muhimu.

Ya tatu ndiyo ile ya Ramji. Kijivu, haina dhahabu, imeandikwa namba ndogo ya kawaida tu, kama mtu aliyekuja kuomba kazi na nguo zake za kila siku. Juu ya kioo ilitulia. Jikoni balbu ikawaka. Na mahindi yakiwa bado yanagonga meno, ikazima. Nikatangaza, "Imeanguka." Ulitoka nje ukaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Siku ya kuripoti ilikuwa imekaribia na mimi sikuwa na betri ya nne.

Mama yako akasema, "Irudie."

Nikamwambia betri haifanyi mtihani mara mbili, hii si shule ya serikali.

"Baba Anasia, irudie. Chungu changu, kuni zangu. Nimesema irudie."

Nikaijaza tena chaji, nikairudia. Na safari hii, ajabu, balbu ikiwa bado inawaka kama jicho la paka, mama yako akafunua, akabonyeza punje, akasema, "Yameiva." Nikaonja. Laini kama uji. Nikatoka uani nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia, ukaja unakimbia na povu mikononi, nikakupa betri yako mwenyewe, nikasema baba yako hajawahi kukosea. Uliniamini. Hiyo ndiyo sehemu iliyonisumbua.

Maana usiku ule nilijaribu kulala, nikashindwa kwa jambo dogo tu. Makande yale yalikuwa na rangi. Ya mama yako huwa meupe, yale yalielekea njano, na maharage yalikuwa yamechunika ngozi kama yamemwagiwa habari mbaya. Leo asubuhi mlipokwenda kuaga kanisani, niliingia jikoni nikafungua makopo. Nyuma ya kopo la chumvi nikakuta fungu la magadi, limemegwa.

Magadi, mwanangu. Yanalainisha hata jiwe. Ule mtihani wangu wote, rula yangu, mshale wangu, mtu alikuwa ameukata kipande akauunga tena.

Mama yako aliporudi nikamwonyesha. Nilidhani atakana. Akavua viatu kwanza, akakaa.

"Ndiyo, nilitia."

"Umeniharibia kipimo! Mtoto anaondoka na betri hatuijui!"

"Kipimo kipi? Unataka tuongee kipimo?" Akanyoosha mkono kwenye koti langu lililotundikwa mlangoni, akatoa mfukoni balbu ndogo, ile niliyojaribia zile mbili za kwanza. "Na hii inafanya nini humu?"

Nikasema ilikuwa imepotea.

"Imepotea mfukoni mwako? Kwenye hii ya Ramji uliweka balbu ya ile tochi kubwa ya askari. Mimi si fundi, lakini siku ile jikoni niliona mpaka punje za chumvi. Nikajiuliza, leo mwanga huu wote wa nini? Balbu kubwa inakula sana, hata mtoto anajua. Wewe ndiye hutaki aondoke. Kila betri unaikataa."

Mwanangu, niliipokea ile balbu. Nilijiambia siku ile kwamba nachukua balbu kubwa kwa sababu ndogo siioni. Sikuitafuta. Sikukusudia, naomba uandike hivyo kwenye ripoti yako, mkono ndio uliokwenda wenyewe, na mimi nikaufuata kama mtu asiyehusika. Nilikuwa naona vile viatu vyako vipya chini ya kitanda kila asubuhi, na kila asubuhi nikawa nazidi kuwa mkali na betri.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Si wewe uliyesema haondoki?"

"Nilisema kwa hasira. Sasa maneno yameshatoka mbele ya mtoto, nitayameza vipi? Nikaona wewe umeziba mlango, mimi nikatia magadi." Halafu akasema, akiangalia dirishani, "Nilitegemea ni balbu yako tu yenye makosa. Betri yenyewe sikuijua."

Tukakaa pale, wazee wawili, mmoja na balbu, mwingine na magadi, tukiogopana. Halafu, mwanangu, tukaanza kucheka mpaka akalazimika kushika ubavu.

Lakini betri ilikuwa bado hatuijui, na wewe unaondoka kesho. Kwa hiyo mchana wa leo, ulipokuwa kwa rafiki yako kusuka, tuliiba betri yako kwenye mkoba. Ilikuwa imejaa. Mama yako akabandika makande bila magadi, mahindi makavu ya kijijini Akheri, yenye roho ngumu. Mimi nikaweka balbu ndogo, akaikagua kwanza, akanikagua na mifuko. Tukakaa. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake, mimi macho kwenye chungu, yeye macho kwenye waya. Mahindi yakapasuka. Balbu inawaka. Maharage yakalegea. Inawaka. Ulipopita mlangoni na nywele zako mpya ukasema, "Jamani, leo chakula kinakawia, mnapika nini huko?" mama yako alisimama kuiziba kwa kanga yake ili usione. Makande yalipoiva, akaanza kukaanga vitunguu vya kuungia. Hapo ndipo ilipozima.

Kwa hiyo ile sahani uliyokula jioni hii, ukaongeza, ukasema yamekolea, ndiyo cheti chako. Betri yako ni ya makande, ya kweli, na vitunguu juu. Nimeijaza chaji upya na kuirudisha mahali pake.

Jambo moja nililoliona leo kwa mara ya kwanza, kwa sababu leo nilikuwa naangalia kweli, ni jinsi inavyozima. Ile ya redio inazeeka kama mimi. Sauti inashuka, inakoroma, inakupa muda wa kuizoea. Hii yako haifanyi hivyo. Mwanga ule ule, mwanga ule ule, halafu giza, bila hata kukohoa. Zile za bandia ndizo zilizofifia nyekundu kama kaa linalokufa. Sasa sijui kama hilo ni jambo la heshima au la jeuri. Nimelifikiria jioni yote. Wewe utaishi nayo, utaniambia. Ila usiingoje ikuage, haitakuaga. Ipeleke mnadani ikiwa bado na nguvu. Huko Simanjiro jua ni kali, usiiweke dirishani, na ukiona mtu anaianika ya kwake juu ya bati, mwambie habari za kidole gumba cha baba yako. Asubuhi za baridi ikijifanya imekufa, iweke kwapani kidogo kabla ya kuihukumu. Ya kwangu ilinifanyia hivyo kule Akheri, nami nikaitukana bure.

Na ukikuta kitu kinaanguka kila mtihani unaokipa, mtu au mtoto wa darasani au chochote, kagua mfuko wako mwenyewe kama kuna balbu. Mimi nilihitaji mama yako anikagulie.

Usimwambie kwamba nimekwambia habari za magadi. Atajua, lakini mwache adhani hujui.

Sasa, unakumbuka ile chupa ya chai ya maua, zawadi ya harusi ya mama yako, iliyoanguka ukicheza mpira wa soksi sebuleni? Nani alisema ni paka? Paka wa watu akafukuzwa siku nzima. Nawe ulinishika mkono ukasema, "Baba, siku moja utaniomba chochote nami nitafanya." Sijaomba mpaka leo, nimekuwa nikiitunza.

Naomba leo. Jumapili ukipanda hicho kilima, mama yako ataishika simu, na unamjua, ataanza na sweta, ataingia kwenye maji ya kuchemsha, atafika mpaka kwa majirani wote hadi wa mtaa wa pili. Vocha ni yangu, sisi ndio tutakaopiga, wewe utupigie kengele moja tu ukate. Ila usimpe chaji yote. Mkatishe, mwambie mtandao unasumbua, mdanganye kidogo, anastahili.

Nami unibakizie ya chai.

Baba yako